Wengi Wape, Lakini Si Kila Kitu

Katika vijiji vyetu vya Bariadi kuna sentensi ambayo mwenyekiti akishaitamka, mjadala umekwisha. Mikono imenyooshwa, mtendaji amehesabu, waliopinga wananung'unika pembeni, na mwenyekiti anasimama: "Jamani, sauti ya wengi ni sauti ya Mungu. Twende kwenye ajenda inayofuata." Watu wanapiga makofi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Jumapili baada ya ibada naketi katika kikao kingine, cha halmashauri ya walei ya kigango chetu, ambako ni katibu. Sentensi hiyo naisikia kote kuwili, na muda mrefu sasa imeninyima raha. Inamwita Mungu aje kuwa shahidi wa hesabu ya mikono. Mtu anayesali hawezi kuisikia hivi hivi na kuiacha ipite. Lazima ajiulize kama ni kweli.

Nianze na kikao chenyewe, maana wasomaji wa mjini wengi wanamjua mtendaji kwa mhuri wake tu. Kijiji cha Tanzania kina vyombo viwili. Cha juu ni mkutano mkuu, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Chini yake ipo halmashauri ya kijiji, yenye watu wasiopungua 15 na wasiozidi 25: mwenyekiti aliyechaguliwa na wanakijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine waliochaguliwa. Wanawake wasipungue robo ya kikao. Halmashauri hukutana kila mwezi. Mtendaji, ambaye mwajiri wake ni wilaya, ndiye katibu. Anaandika muhtasari na kushika mhuri. Sheria iliyotuweka pale ni ya mwaka 1982, na Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yawafikie wananchi.

Kazi zenyewe hazina fahari. Mbuzi wameingia kwenye shamba la viazi la mtu. Mtoto wa darasa la tano haonekani shuleni tangu mvua zianze, anachunga. Kijana anataka barua ya utambulisho akamdhamini ndugu yake mahakamani. Mwingine anataka kibali cha kupeleka ng'ombe mnadani. Pampu ya kisima imekufa, na mwenye daftari la mfuko wa maji amesafiri. Josho halina dawa. Msimu wa pamba ukifika, malalamiko ya mzani yanatua kwetu hata kama mzani ni wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Tembo wakitoka hifadhini na kukanyaga mahindi, kama wanavyojua wenzetu wa Itilima, Busega na Meatu, ni sisi tunaotangulia kwenda kulitazama shamba ili taarifa iende wilayani na mwenye shamba aombe kifuta jasho. Ukiyahesabu moja moja haya ni mambo madogo. Ukiyakusanya, ndiyo maisha ya watu.

Tunakaa chini ya mwembe, na mvua ikinyesha tunahamia darasani. Wanaume wanakaa kwenye mabenchi, wanawake wengi wanatandika khanga chini, upande wao. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Ajenda zinakwenda kwa mpangilio uleule: kufungua kikao, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, kisha mengineyo. Nimegundua kwamba akina mama huzungumza kwenye mengineyo. Wakati huo wanaume wamechoka, baadhi wameshapanda baiskeli, na jua linashuka. Hapo ndipo mama mmoja anasimama taratibu, anajifunga khanga upya, na kusema kwamba pesa ya kisima iliyosomwa kwenye taarifa hailingani na ile waliyochanga kitongojini kwake. Jambo zito kuliko yote ya siku hiyo linasemwa mbele ya nusu ya watu. Kwa hiyo mtu akiniambia wengi wamesema, swali langu la kwanza ni dogo sana: walisema saa ngapi, na nani alikuwa ameshaondoka?

Sitaki nieleweke vibaya. Ninaiheshimu sauti ya wengi kwa sababu nimekua nikiona mahali ambapo haikuulizwa. Nilikuwa mtoto wa shule wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970. Wasukuma tulikuwa tumezoea kujenga mbalimbali, kila mji na mashamba yake na ng'itili yake, malisho yaliyotunzwa kwa ajili ya kiangazi. Amri ikaja tuhamie kwenye mistari. Shabaha ilikuwa njema: shule, zahanati, maji. Lakini nyumba ziliezuliwa bila mwenye nyumba kupewa nafasi ya kusema neno, na ng'itili nyingi zikafa kwa kuwa waliozitunza walikuwa wamepelekwa mbali nazo. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kuviandikisha vijiji. Kijiji chetu kilizaliwa kwa amri, na halmashauri yake ilizaliwa kupokea amri. Ilipofika 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ukaanza kurudisha ng'itili, wakati Bariadi, Maswa na Meatu bado ziko mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuzaliwa mwaka 2012. Safari hiyo wataalamu walilazimika kuwauliza wazee. Sheria za ng'itili zilirudi kwenye dagashida, mkutano wa mila ambao Msukuma anaujua tangu zamani, na miti ikaota. Sihitaji mtu wa kunifundisha tofauti kati ya uamuzi ulioshuka na uamuzi uliotoka kwa watu. Nimeiona ardhi yenyewe ikiitofautisha.

Nimeona pia wengi wakifanya jambo jema kwa mikono yao. Boma la madarasa unaloliona mwisho wa kijiji chetu ni nguvu za wananchi: mawe, mchanga, maji na tofali, kila kitongoji na zamu yake, mpaka lenta, kisha wilaya ikapaua. Kulikuwa na ubishi mkali mahali pa kulijenga. Kitongoji kimoja kilitaka liwe karibu na mto, kingine karibu na barabara. Waliotaka mtoni walishindwa. Walichota mchanga kama wengine. Kwa nini? Mtu aliyeshindwa anawajibikaje kubeba mchanga wa jengo alilolipinga? Hili ni swali la falsafa, na kijijini linajibiwa kwa mgongo. Jibu nililolisikia kwa mzee mmoja wa upande ulioshindwa lilikuwa hivi: walinisikiliza, na nikifa ni hawa watakaonizika.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hilo. Katika maandishi yake ya mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa chama, aliwaelekeza wasomaji kwa wazee wa Kiafrika wanaokaa chini ya mti na kuzungumza hadi wapatane. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, alilifanyia kazi zaidi. Kwake, kuhesabu kura na kuondoka kunamwacha aliyeshindwa nje ya uamuzi, hata kama aliruhusiwa kupiga kura. Kupatana kunamrudisha ndani. Na akaongeza jambo ambalo nadhani ndilo ufunguo wa swali langu: watu wanaopatana hawalazimiki kukubaliana kuhusu ukweli, wala kuhusu lipi lilikuwa bora. Inatosha wakubaliane kuhusu litakalofanyika. Mzee wangu wa mtoni hakuwahi kuamini kwamba barabarani ni bora. Alikubali tu kwamba sasa tunajenga barabarani.

Wapo waliompinga Wiredu. Emmanuel Chukwudi Eze wa Nigeria aliuliza kama kupatana kule kwa zamani hakukuwa pia na mkono wa wenye nguvu, na imani ambazo hakuna aliyethubutu kuzihoji. Mimi ninayekaa Usukumani siwezi kulipuuza swali la Eze, maana kupatana kwetu kuna mlinzi wake, na mlinzi huyo anaitwa kutengwa.

Sungusungu walipoinuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulikuwa umetushinda na polisi walikuwa mbali. Vijana walishika upinde na mshale, yowe likipigwa kila mtu anatoka, na ng'ombe wakarudi. Serikali iliwatambua kisheria mwaka 1989. Nawashukuru, bila wao baba yangu angekufa maskini. Lakini asiyeitikia yowe, au aliyekaidi uamuzi wa mkutano, alitozwa faini, na akikataa faini, alitengwa. Msomaji wa Dar es Salaam huenda asielewe uzito wake. Kutengwa maana yake hakuna anayekusalimia. Mwenye duka hakuuzii chumvi. Mtoto wako hatumwi kuomba moto kwa jirani. Ukifiwa, unachimba kaburi peke yako. Sisi ambao salamu zetu za asubuhi huchukua dakika kadhaa, na mwanamke akimsalimia mkubwa hupiga goti, tunajua kunyimwa salamu ni nini. Mtu aliyetengwa yu hai na hayupo.

Chini ya kivuli cha adhabu hiyo, mikono yote ikinyooka, nani atajua ipi imenyooshwa na moyo na ipi imenyooshwa na hofu? Mwafaka unaolindwa kwa kutengwa haunipi habari yoyote kuhusu mapenzi ya Mungu. Hata mapenzi ya watu siyajui. Najua tu kwamba hakuna aliyekuwa tayari kuzika peke yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji cha jirani ambacho sitakitaja kwa kuwa waliohusika wangali wakiishi pale, watoto walikufa mfululizo wakati wa mvua. Homa, kuharisha, kifo. Kabla ya mganga wa zahanati kumaliza kueleza habari ya maji ya bwawa, minong'ono ilikuwa imeshapata mtu. Alikuwa mjane mzee, macho mekundu. Macho ya bibi zetu wengi ni mekundu kwa sababu wamepika miaka hamsini kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, katika nyumba isiyo na dirisha. Watu wakadai mkutano. Na mkutanoni wakadai kura ya siri: kila mtu aandike jina la mchawi, karatasi zihesabiwe, atakayeongoza aondoke kijijini.

Wazo hilo halikutoka hewani. Mikutano ya namna hiyo imefanyika Usukumani kuwatafuta wezi na wachawi. Na mwaka 2009, wakati ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa kwa ukatili, serikali yenyewe iliendesha kura za siri ili wananchi wawataje waliowashuku. Naelewa kilichoisukuma; damu ilikuwa inamwagika na hakuna aliyethubutu kusema hadharani. Lakini jina lililoandikwa gizani linaweza kumpa polisi mahali pa kuanzia kuchunguza. Haliwezi kuwa hukumu. Katika kijiji kile cha jirani tofauti hiyo haikudumu: karatasi ilipotajwa, tayari watu waliona hukumu.

Katika mkutano ule alisimama mzee mmoja. Hakuwa Mkristo wala Mwislamu. Ni mtu wa mila, anayetambikia mababu zake na kuamini kabisa kwamba uchawi upo. Akasema: "Mtu akinishtaki kwa mdomo nitamjibu kwa mdomo. Karatasi nitaijibuje? Haina mdomo." Kisha akakaa. Mwenyekiti akaahirisha mkutano. Sheria ya uchawi, ambayo iko tangu 1928, inasema kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa, lakini siku ile haikutajwa na mtu. Kilichozuia kura ni swali la mzee aliyeamini uchawi kuliko wengi wa waliokuwepo.

Yule mjane hakusubiri mkutano wa pili. Aliondoka usiku kwenda kwa binti yake mjini. Majaluba yake ya mpunga, yaliyo mbugani mahali pazuri penye maji, siku hizi yanalimwa na jamaa wa marehemu mumewe.

Nilipoyasikia hayo ya majaluba nilifungua Biblia, kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, habari ya Naboti. Sisi walimu wa dini huwafundisha watoto habari ile kama kisa cha mfalme mwenye tamaa na mkewe Yezebeli. Nikaisoma upya kama mjumbe wa halmashauri, nikashtuka. Barua ilitumwa kwa wazee wa mji wa Naboti. Wakatangaza mfungo. Wakaitisha mkutano. Naboti akaketishwa mbele ya watu. Mashahidi wakaletwa, wawili, kama sheria ilivyotaka. Wakawasikiliza, wakaamua, wakatekeleza, wakatoa taarifa kwa mamlaka ya juu. Muhtasari wa kikao kile, kama ungeandikwa, mkaguzi wa wilaya asingekuta kosa ndani yake. Akidi ilitimia na Mungu alitajwa. Mtu akauawa kwa mawe na shamba lake likachukuliwa. Mungu hakuwa katika sauti ile ya wengi. Aliongea baadaye, na aliongea na Eliya akiwa peke yake.

Kuna kisa kingine katika Biblia yetu Wakatoliki, mwishoni mwa kitabu cha Danieli, habari ya Susana. Wazee wawili waamuzi wanamsingizia mwanamke, mkutano unawaamini kwa sababu ni wazee, anahukumiwa kufa. Kijana mmoja anapaza sauti na kukataa. Linalonivutia ni kilichofuata. Danieli hakuomba kura nyingine. Hakuhubiri. Aliwatenganisha wale wazee, akamuuliza kila mmoja peke yake jambo la kawaida kabisa: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mwingine. Mkutano uleule uliotaka kuua ukageuka. Watu hawakubadilishwa, kilichobadilika ni kazi waliyopewa. Mwanzo waliombwa kuunga mkono, sasa waliombwa kusikiliza ushahidi.

Hapa ndipo naona mpaka. Wanakijiji wakikutana wanaweza kuamua tutafanya nini na vilivyo vyetu sote: shule ikae wapi, ng'itili ifungwe mwezi gani, mchango uwe kiasi gani. Hapo wengi wape, na mimi nitabeba mchanga. Lakini kama huyu ameua, kama huyu ni mwizi, kama shamba hili ni la marehemu au la kaka yake, hayo hayawi kweli kwa kunyoosha mikono. Yalikuwa kweli au uongo kabla hatujakutana. Kwa mambo hayo kikao kinahitaji mashahidi, na mshtakiwa anahitaji kumwona anayemshtaki.

Nilidhani nimemaliza kufikiri, mpaka nilipokumbuka TASAF.

Mpango huo wa kunusuru kaya maskini ulipofika kwetu, orodha ya maskini ilianzia mkutanoni. Watu walitajwa mbele ya wote: fulani ni maskini, fulani si maskini sana. Baadaye wataalamu wakaja na madodoso yao, lakini mwanzo ulikuwa kwenye mkutano. Je, hilo nalo halikuwa kuamua ukweli kwa sauti ya wengi? Tena ukweli wenye aibu, maana kwetu hakuna apendaye kuitwa maskini mbele ya wakwe. Nililisumbukia. Halafu nikakumbuka mkutano wenyewe ulivyokwenda. Jina likitajwa, jirani anasema, "Huyo ana ng'ombe wawili kwa mkwewe Maswa." Aliyetajwa anajibu, "Wale walikwisha kufa kiangazi cha juzi, muulize fulani." Na fulani yupo, anathibitisha. Mwingine anasema, "Mnamsahau bibi anayelea wajukuu wanne na anaishi kwa michembe tu." Makosa yalikuwepo, na upendeleo pia, nisiseme uongo. Lakini watu wale walikuwa mashahidi. Walisema wanachokijua, mbele ya anayesemwa, naye akajibu. Ofisa kutoka mbali asingeweza kujua habari za ng'ombe waliokufa.

Nikaona pia jibu la swali jingine ambalo wanafunzi wangu wa zamani hunitania nalo: mwalimu, unaipinga kura ya siri, mbona Novemba 27, 2024 ulikwenda kituoni kumchagua mwenyekiti wa kijiji kwa siri? Nilikwenda, na nitakwenda tena. Anayempigia mtu kura ya uongozi anampa kitu, na siri inamlinda mpiga kura mnyonge dhidi ya mgombea mwenye nguvu. Anayeandika jina la mchawi anamnyang'anya mtu jina lake, nyumba yake, pengine uhai wake, na siri inawalinda walio wengi dhidi ya bibi mmoja. Siri ileile inamfunika mnyonge siku moja, na siku nyingine inamfunika mwenye kumwonea. Ukitaka kujua kama inafaa, tazama ni nani anayejificha nyuma yake.

Kanisani mambo yamepangwa kinyume, na kwa muda fulani nilidhani Kanisa limekosea. Halmashauri yetu ya walei haiamui. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 536, inasema halmashauri ya kichungaji ya parokia ina sauti ya ushauri tu. Anayeamua ni paroko. Tunaweza kukubaliana wote kigangoni kwamba zaka ya mavuno inunue bati, na paroko akasema pikipiki ya katekista kwanza. Nilikuwa nakereka. Tulifundishwa tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa njia ya Kanisa letu, mwaka 1973 na 1976, kwamba Kanisa ni sisi nyumba kwa nyumba. Mbona basi sauti yetu haihesabiwi?

Siku hizi naona upande wa pili. Kwa kuwa katika kikao cha kigango hakuna anayeweza kumshinda mwenzake kwa idadi, kila mtu analazimika kueleza sababu. Hakuna mgambo mlangoni. Hakuna faini. Mama asiyejua kusoma akisema neno lenye maana, linakwenda kwa paroko likiwa na uzito uleule wa neno la mwenyekiti, kwa sababu hakuna linalohesabiwa, yanapimwa. Nimewahi kuona hoja ya mtu mmoja ikipita pale, jambo ambalo chini ya mwembe halijatokea mbele yangu. Bado nataka mapadri wetu wafungwe zaidi kueleza kwa nini wamekataa ushauri, na nimefurahi kwamba Sinodi iliyohitimishwa na Papa Francis Oktoba 2024 imelisogeza Kanisa upande huo wa kusikilizana na kuwajibika. Padri asiyesikiliza ni hatari kama mkutano usiosikiliza. Waislamu wa kijiji chetu wananiambia Kurani nayo ina sura nzima inayoitwa Mashauriano, inayowasifu waumini wanaoshauriana katika mambo yao. Hatujakaa kulizungumza vya kutosha. Tungepaswa.

Kwa hiyo, sauti ya wengi ni sauti ya Mungu? Mbele ya Pilato wengi walimchagua Baraba. Anayeamini msalaba hawezi kuisema sentensi ile bila kukumbuka uwanja ule. Lakini Matendo ya Mitume, sura ya 15, inaeleza kikao cha Yerusalemu ambacho mitume na wazee hawakuogopa kusema kwamba uamuzi wao ni wa Roho Mtakatifu na wao pamoja. Kipi kilitofautisha vikao hivyo viwili? Yerusalemu walibishana sana, Petro akasema, Barnaba na Paulo wakasimulia walichokiona, na watu wote wakanyamaza kusikiliza. Uwanjani kwa Pilato walipiga kelele. Tofauti haikuwa idadi. Kunyamaza ili mwingine aseme ndiko kulikokuwa tofauti, na mimi naamini kwamba Mungu, akitaka kupita katika kikao cha kijiji, hupita hapo, mara nyingi kwenye mengineyo.

Wenyeviti wa vijiji na vitongoji mliochaguliwa mwaka 2024, mna miaka mbele yenu, na mvua zitakuja na magonjwa yake. Siku watu watakapowajia na karatasi, wakitaka mpigishe kura ya kumtaja mchawi, msiipokee ajenda hiyo. Mwambieni mtendaji aandike katika muhtasari kwamba imekataliwa na kwa nini. Pelekeni taarifa polisi usiku huohuo, ili yule anayenong'onwa alindwe. Asubuhi yake nendeni nyumbani kwake mchana kweupe, mkamsalimie mbele ya watu. Na kama ana shamba, andikeni mipaka yake.